Cheo cha Hamira

Katika nyumba ile hakuna aliyehitaji saa ya kumwamsha. Harufu ya mkate ilifanya kazi hiyo. Ilianzia kwenye tanuri nyuma ya nyumba, ikapita ukumbini, ikajipenyeza chini ya mlango wa chumba cha watoto na kumtekenya Hamira puani mpaka akafumbua macho.

Hamira halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni bibi yake aliyembandika, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuumuka. Ukimwambia amekosea, mashavu yanajaa. Ukimsifu, kifua kinajaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule alipanga mikate kwenye meza ya dukani na kuitia katika mifuko ya karatasi, huku mama yake akiwahudumia wateja. Aliifanya kazi hiyo vizuri, ila moyo wake haukuwa pale. Moyo wake ulikuwa nyuma, kwenye tanuri, walikokuwa baba, kaka na bibi.

Huko kwenye tanuri kulikuwa na mambo ya wenyewe. Baba alikuwa na makovu matatu ya moto kwenye mkono wa kulia, yamelala sambamba chini ya kiwiko, na watu wa nyumbani waliyaita vyeo, kama vile vya askari. Kaka yake Hamira, kijana aliyekwisha kumaliza shule, alikuwa amepata cheo chake cha kwanza mwaka uliopita. Siku kidonda chake kilipokauka na kuacha kovu, baba alimpa mkono mbele ya wote akamwambia, "Sasa wewe ni mwokaji." Watu walicheka na kupiga makofi. Hamira naye alipiga makofi, lakini kijicho kilimwingia na hakikutoka. Bibi ndiye aliyeanzisha kazi ile tangu ujana wake, na siku zote alivaa nguo za mikono mirefu. Hamira alikuwa na hakika kwamba chini ya mikono ile mlikuwa na vyeo vya jenerali.

Likizo ilipofika, baba alikubali kumjaribu. Alimwambia kwamba akiiweza kazi ya kutoa trei, atabaki tanurini likizo nzima, na asipoiweza, atarudi mezani bila manung'uniko. Bibi naye alimpa somo lake. Kitambaa cha kushikia trei kiwe kikavu na kikunjwe mara mbili, kwa maana kitambaa chenye maji hupitisha moto upesi. Mikono ya nguo ishuke chini, isipandishwe. Na trei itolewe taratibu, kwa mikono miwili, bila kushindana na mtu.

Siku za kwanza mambo yalikwenda sawasawa. Hamira alitoa mikate, akairudisha trei, akafuta jasho, akatoa mingine. Baba hakumsifu ila alimwachia nafasi, na kwa baba hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kisha asubuhi moja Hamira akaona kaka yake anachelewa kidogo upande wa pili. Hapo akaumuka. Alipandisha mikono ya nguo, akashika trei moja, akairukia ya pili kabla hajapumua, na mkono wake wa kushoto ukagusa ukingo wa mlango wa tanuri.

Hakupiga kelele. Aliweka trei chini, mikate ikiwa salama, kisha machozi yakamtoka yenyewe. Baba alimwona usoni tu akajua. Alimvuta mpaka kwenye bomba, akamvua bangili na kuufungulia mkono maji ya baridi yatiririke. Hamira alitaka kuutoa baada ya muda mfupi, lakini baba aliushikilia pale. Alisema moto hauishi kwa kumwagiwa maji mara moja, na kwamba wataushikilia chini ya bomba dakika ishirini hata kama mikate itaungua yote. Kaka akaja mbio na tonge la siagi mkononi. Bibi alimzuia mlangoni.

"Siagi ni ya mkate," alisema. "Huyu si mkate."

Maumivu yalipotulia, mama alileta kikopo cha bati alichokiweka rafuni dukani. Ndani yake mlikuwa na pakiti bapa zilizofungwa, alizozinunua kwenye duka la dawa. Alinawa mikono kwa sabuni, akachana pakiti moja na kutoa kipande cha shashi chenye matundu madogomadogo, kilicholowa dawa ya mafuta. Alimweleza Hamira kwamba shashi ya kawaida hunata kwenye kidonda, na ukiibandua hubanduka na ngozi mpya. Hii yenye dawa hainati. Inakifunika kidonda, inakilainisha na kuwazuia wadudu wa maradhi wasiingie. Kisha alikilaza kipande kile juu ya mahali palipoungua, ambapo lengelenge dogo lilikwisha kuanza kuinuka, akaweka shashi kavu juu yake na kuzungushia bandeji bila kukaza.

"Usiifungue mwenyewe," mama alimwambia. "Usiiloweshe, na lengelenge usilipasue. Nitaibadilisha mimi kama pakiti inavyoeleza."

Baba alitaka kumtuliza. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Ukiutunza hivi, hapatabaki hata alama."

Wote walifurahi kusikia hivyo, isipokuwa mwenye mkono. Uso ulimshuka. Hata alama? Basi ameungua bure? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Hamira siku ile zilikuwa zimesimama wima. Alikumbuka kaka yake akijigamba kwamba hakuwahi kufunga kidonda chake, alikinyunyizia unga wa ngano tu kama mwokaji wa kweli. Kumbe ndiyo sababu kovu lilibaki. Hamira akakata shauri.

Alasiri aliingia stoo, akajibanza nyuma ya magunia, akafungua bandeji. Shashi yenye dawa ilitoka kwa ulaini, kama mama alivyosema. Akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha alilipasua lengelenge kwa ukucha, akauma meno, akachota unga kidogo na kunyunyizia. Alifunga tena bandeji peke yake juu ya unga ule, akatoka akijitia hamnazo. Siku mbili baadaye mama alipotaka kubadilisha dawa, Hamira alisema amekwisha kuibadilisha mwenyewe. Mama alikuwa na foleni ya wateja. Alimwamini, kwa sababu hakuwa na desturi ya kumwona akisema uongo.

Moto ulipita, lakini unga haukupita. Ulichanganyika na maji ya kidonda ukawa donge, donge likakauka na kushikamana na bandeji. Kila alipokunja mkono, alihisi ngozi inavutwa. Ngozi ya pembeni ilianza kuwa nyekundu na kuvimba, ikawa ya moto hata bila tanuri. Hamira alijipa moyo kwamba vyeo haviji kwa raha. Lakini asubuhi iliyofuata alishindwa kubeba trei ya madonge mabichi ya mikate. Mkono wa kushoto ulilegea, trei ikainama, na madonge yote yakabingirika sakafuni hadi chini ya meza.

Hakuna aliyemgombeza. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Baba aliokota madonge, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kosa ni lake yeye, kwamba alimharakisha mtoto, na kwamba ni heri Hamira arudi mezani mpaka atakapokuwa mkubwa. Hakusema mpaka mkono upone. Alisema mpaka atakapokuwa mkubwa. Hamira alisikia tanuri likifungwa mbele ya uso wake.

Bibi alikuwa amesimama karibu naye. Alimshika bega, akamkalisha kwenye benchi karibu na dirisha, akanawa mikono na kuanza kuifungua bandeji. Haikufunguka. Ilibidi ailoweshe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kidogo kidogo, mpaka ikaachia. Chini yake palikuwa na gamba jeupe lililopasukapasuka, na pembeni usaha.

"Huu ni unga," bibi alisema. "Na shashi ya mama yako iko wapi?"

Hamira aliingiza mkono mfukoni, akaitoa. Ilikuwa imekauka na kujaa nyuzi za nguo. Angeweza kutunga jambo, lakini alimtazama baba yake aliyekuwa bado na donge bichi mkononi, akaona aibu. "Nilitaka cheo," alisema. "Mlisema hapatabaki hata alama. Nikadhani bila alama sitakuwa mwokaji."

Baba alimgeukia kaka, kaka akajikuna kisogo. Kisha naye akatoa siri yake. Alisema kidonda chake cha mwaka jana kilimtesa wiki nyingi, kikatoa usaha, na kwamba alilala na homa akawaambia ni mafua. Hakuthubutu kusema kwa sababu alikuwa amekwisha kujisifu. Bibi alitikisa kichwa, akasema kumbe sikio la kufa halisikii dawa, na katika nyumba hii masikio hayo yako mawili.

Mama hakungoja zaidi. Alifunga duka, jambo ambalo wateja wa mtaa ule walikuwa hawajawahi kuliona mchana, akampeleka Hamira zahanati. Muuguzi alikisafisha kidonda pole pole, akatoa gamba lote, akampa dawa ya kumeza na kuuliza kama amewahi kuchanjwa chanjo ya pepopunda. Hamira alilia bila kuficha. Muuguzi aliwaambia kwamba walianza vizuri sana, maji kwanza, kisha shashi yenye dawa, na kwamba mtu akiungua padogo hivi anaweza kutibiwa nyumbani na akapona. Lakini pakiungua pakubwa kuliko kiganja cha mwenyewe, au usoni, au kwenye kiungo, au kidonda kikianza kuvimba na kutoa usaha, hapo si pa kujaribu nyumbani. Kisha alibandika shashi mpya.

Tangu siku ile mama alimfundisha Hamira kazi yote. Hamira alinawa mikono, akakagua tarehe ya pakiti, akakata kipande kinachotosha kidonda, akakilaza bila kugusa upande wa dawa. Mara ya kwanza mama alimwongoza hatua kwa hatua. Baadaye alifanya bila kuambiwa, mama akitazama tu na kutabasamu. Wekundu ulipungua, usaha ukakoma, na chini ya shashi ikaanza kuonekana ngozi changa.

Siku moja baada ya kazi baba alikaa kwenye benchi, akamwita Hamira na kaka yake. Aliweka mkono wake wa kulia mezani.

"Hivi mnaviita vyeo, na mimi niliwaacha mviite hivyo," alisema. "Hili la kwanza, nilikuwa nasinzia. Hili la pili, nilikuwa nabishana na mteja. Na hili kubwa, nilishika trei kwa kitambaa kibichi baada ya mama yangu kunikataza. Hayo ni makosa yangu matatu. Sikupaswa kumpa mtu mkono kwa ajili hiyo."

Hamira alimgeukia bibi, jenerali wake. Aliuliza kwa woga yeye ana mangapi. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Alifungua kifungo cha mkono wa nguo, akaukunja hadi kwenye kiwiko, kisha na wa pili. Ngozi ilikuwa na mikunjo ya uzee, basi. Hapakuwa na kovu hata moja.

"Hukuwahi kuungua, Bibi?"

"Nimeungua mara nyingi kuliko hao wote. Wakati huo shashi za dawa hatukuwa nazo. Niliweka maji, nikafunika kwa kitambaa safi nilichokichemsha, nikakiacha kidonda kipone."

"Basi mbona unavaa mikono mirefu?"

"Ili nisiungue tena," bibi alijibu. "Kwani wewe ulidhani naficha nini?"

Hata baba alicheka. Kisha bibi aliushusha mkono wa nguo, akakaa karibu na mjukuu wake na sauti yake ikatulia. "Sikia, mjukuu wangu. Kovu linawaambia watu kwamba uliungua. Haliwaambii kwamba unajua kuoka. Mwili ukiumia, utunze mapema, na ukikosea kuutunza, sema mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mikono yako ndiyo itakayokulisha. Usiitoe kafara kwa sifa."

Kikopo cha bati kilihamishwa kutoka dukani, kikatundikwa ukutani karibu na bomba, mahali ambapo hata mwenye machozi machoni angekiona. Wiki ya mwisho ya likizo muuguzi alisema kidonda kimepona. Palibaki alama ndogo ya rangi hafifu pale Hamira alipopasua lengelenge, na hakumwonyesha mtu.

Asubuhi iliyofuata baba alimwita tanurini. Hamira alishusha mikono ya nguo, akakunja kitambaa kikavu mara mbili, akavuta trei taratibu kwa mikono miwili. Kaka alikuwa amekwisha kutoa mbili upande wa pili, lakini Hamira hakumtazama. Alitoa ya kwanza, ya pili, na zote zilizobaki, mikate ikiwa na rangi nzuri na mikono yake ikiwa mizima.

Baba alifuta unga viganjani, akamnyooshea mkono.

"Sasa wewe ni mwokaji," alimwambia.