Onyo la Friji ya Pili

Asubuhi zote za likizo ile ya mwaka 1994, Marcelina alifuatana na shangazi yake, Selestina, hadi zahanati moja mjini Musoma. Mlinzi, mzee Chacha, alisoma vipimajoto vya friji mbili za chanjo na kuingiza namba kwenye kompyuta. Programu aliyoiandika shangazi kwa C, lugha ya kompyuta, ilizikagua, na friji ikizidi joto ikamchapia Nesi Wankyo onyo kwenye karatasi.

Onyo lilikuwa la Kiingereza, na manesi walikuwa wamelichoka.

"Wewe si ndiye hodari wa Kiswahili darasa la sita?" shangazi alimwambia Marcelina. "Andika onyo jipya. Hizi %d mbili usiziguse. Ni nafasi za namba. Kompyuta itajaza ya kwanza namba ya friji, ya pili nyuzi za joto."

Marcelina aliandika kwa adabu za kijijini kwao, Murangi. Kule, anayeleta habari mbaya haropoki. Husalimia, huuliza hali ya ng'ombe, kisha husema mgonjwa amezidiwa kidogo, hata kama kaburi limeshachimbwa. Zile nafasi za namba aliziona kali mno, akazifuta.

Jumatano printa ilikwaruza, na Nesi Wankyo akasoma: "Habari za asubuhi. Poleni na kazi. Friji imechangamka kidogo." Akatabasamu. Akapanga chanjo za surua za friji zote mbili kwenye boksi la barafu na kulipeleka garini, safari ya kuchanja watoto Kibara.

Marcelina alitupia jicho kipimajoto cha friji ya pili. Nyuzi kumi na nne! Haikutakiwa kuzidi nane. Watoto wa Kibara wangechomwa sindano za dawa iliyoharibika, halafu surua iwakute. Alijua akisema ataumbuka. Hata hivyo alitimka, akasimama mbele ya gari.

"Nesi, msiondoke! Friji ya pili ina nyuzi kumi na nne. Onyo niliandika mimi, na namba nilizifuta!"

"Ulizifutia nini, mwanangu?"

"Kwetu habari mbaya hatuisemagi hivi hivi, nesi. Tunaanzaga na salamu."

Nesi Wankyo alishusha boksi. Chupa arobaini za friji ya pili zilitupwa. Za friji ya kwanza zilikuwa salama, zikatosha kwa Kibara, na gari likaondoka.

Marcelina alilia. Shangazi akamvutia kiti mbele ya kompyuta. "Futa machozi, tuandike upya."

Walikazana hadi saa saba mchana, wakijaribu programu kwa nyuzi tisa, kwa kumi, kwa ishirini. Mwishowe printa ikatoa: "ONYO: Friji ya 2 ina nyuzi 14. Mwisho ni 8. Usitumie chanjo zake."

"Nesi tutamsalimia wenyewe kwa midomo yetu," shangazi alisema. "Onyo kazi yake ni kutaja kilichoharibika, mahali kilipo na kiasi chake. Ukimpunguzia mtu ukubwa wa hatari, hujamhurumia. Leo umesimamisha gari bila kumsalimia mtu yeyote, na hakuna aliyekuona huna adabu."