Weupe Uliofunika Tundu

Kila asubuhi Chiriku alisimama penye bomba la uani akasugua meno mpaka povu likageuka la waridi. Aliyasugua kama mtu anayekwangua sufuria lililoungua, lakini madoa ya kahawia hayakutoka. Meno yenyewe yaliota nayo, zamani alipokuwa akiishi kwa bibi yake na kunywa maji ya kisima chenye madini mengi.

Aliitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Darasani hakuna aliyemshinda kwenye mdahalo. Siku moja, katikati ya hoja zake, mvulana wa dawati la nyuma akasema, "Funga mdomo, kutu inadondoka." Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku alimaliza kuzungumza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na hakuna aliyemwelewa.

Jioni alimkabili mama yake, fundi rangi wa majengo.

"Mama, nataka mama mdogo anibandike meno meupe."

"Hapana."

"Wewe kutwa unapendezesha kuta za watu. Meno yangu ndiyo mwiko?"

"Mimi sipaki ukuta kabla sijaugonga nikajua kama ni mzima," mama alijibu, akijisugua rangi mikononi. "Mama yako mdogo ni msusi. Meno ameyajulia wapi?"

Mama mdogo alikuwa na saluni mtaa wa pili. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku mbili, akarudi na kijisanduku cha vibandiko vyeupe, vyembamba kama kucha. Jumamosi, mama alipokuwa kazini, Chiriku alikwenda huko. Njiani alijiambia kwamba mdomo ni wake na uamuzi ni wake.

"Mama yako ameridhia?" mama mdogo aliuliza.

"Ameridhia," Chiriku alidanganya bila kupepesa macho.

Mama mdogo akayakwangua meno sita ya mbele kwa tupa ya kucha ili gundi ishike. Alipofika kwenye jino la pembeni, Chiriku aliruka kitini kana kwamba amechomwa sindano.

"Vumilia, mwanangu. Ukitaka uzuri, sharti udhurike."

Mama alipoyaona meno hayo hakugomba. Alichukua brashi zake akaenda kazini. Chiriku hakuomba radhi. Alitembea kichwa juu, akicheka hata pasipo na cha kuchekesha.

Wiki ya nne ufizi ukaanza kuuma. Akatafuna upande mmoja. Mdomo ukatoa harufu, akawa anakula karafuu. Mama alipouliza mbona hali, alijibu kuwa ameshiba. Alikuwa radhi kufa na tai shingoni kuliko kukiri. Siku ya tano ya maumivu shavu likavimba kama andazi, na mama akamshika mkono bila kuuliza tena.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alivibandua vibandiko kimoja kimoja, akalitazama jino la pembeni kwa kioo kidogo, akaguna.

"Jino hili lilikuwa na tundu tangu mwanzo," alisema. "Aliyebandika hakulitazama. Chakula kikanasa chini ya kibandiko, uozo ukaendelea gizani. Tutalitibu, ila utarudi hapa mara tatu."

"Na haya ya kahawia?" Chiriku aliuliza.

"Hayo hayajaoza. Madoa ni rangi tu. Ila tupa imeyakwangua kidogo, ndiyo maana yanasisimka ukinywa kitu baridi."

Chiriku alikiomba kioo, akajitazama kwa muda mrefu. Machozi yalimlenga, lakini hakulia. Alikuwa amekasirika, na safari hii hakumkasirikia mama.

Walipotoka alikata kona kuelekea saluni. Mama akamfuata. Kitini alikuwa ameketi bibi harusi mtarajiwa, mdomo wazi, na mama mdogo ameshika tupa.

"Shikamoo, mama mdogo. Naomba uiweke chini hiyo tupa."

"Marahaba. Usiniharibie kazi, toka nje."

"Sitoki." Chiriku akamgeukia mteja. "Dada, tazama shavu langu. Daktari ameyapima meno yako?"

Mteja akatikisa kichwa, akajifungua kitambaa shingoni, akasimama.

"Mtoto wa dada yangu leo unaniaibisha mbele ya watu," mama mdogo alisema.

"Nilikudanganya kwamba mama ameridhia. Hilo ni kosa langu, naomba unisamehe," Chiriku alijibu. "Lakini jino liliponichoma uliniambia nivumilie. Hukutazama kwa nini linachoma. Hilo ni lako."

Mama mdogo alimtazama dada yake, akitarajia atamkemea binti. Mama hakumkemea. Mama mdogo akaketi kwenye kiti cha mteja, akajifunika uso.

Siku ya mdahalo uliofuata, Chiriku alizungumza mikono ikiwa chini na madoa yake nje. Wawili watatu walicheka. Aliwasubiri wamalize, kisha akaendelea na hoja yake.

Alipokwenda kwa daktari mara ya tatu, mama mdogo alifuatana naye. Alikiweka kijisanduku chake mezani.

"Sitabandika tena," alisema. "Ila nambie, daktari, watu kutaka meno mazuri ni dhambi?"

"Hata kidogo," daktari alijibu. "Hapa mimi mwenyewe huwanyoosha watu meno yaliyopandana, wakapendeza na wakaweza kuyasafisha vizuri zaidi. Ubaya ni kuanza na sura. Jino zima linaweza kuwa na doa, na jino jeupe linaweza kuwa limeoza. Kwanza tunapima, tunatibu, tunafundishana kupiga mswaki taratibu mara mbili kwa siku. Uzuri unafuata baadaye, kwa anayeutaka."

Kisha akamgeukia Chiriku. "Ukishakua, ukitaka tuyapunguze madoa, njoo. Lakini uje kwa sababu umeamua wewe, si kwa sababu umechekwa. Na mtu mzima akikuambia hapana, mwulize sababu mpaka uielewe, badala ya kumzunguka."

"Nitauliza," Chiriku alisema. "Hata akichoka."

Mama yake, aliyekuwa mlangoni, alisema, "Hilo nalijua."