Mbao Zilizooshwa kwa Mapenzi

— Nani ameosha hizi mbao?

Fundi aliuliza kwa sauti ya chini, na binti wa nyumba akatabasamu akidhani anasifiwa. Tangu asubuhi alikuwa amechuchumaa uani na brashi na sabuni, akisugua mbao za sakafu ya sebule ya marehemu mama yake mpaka kiuno kikamgomea.

— Mimi, mpenzi. Nilitaka nikupunguzie kazi.

— Mbele na nyuma?

— Mbele na nyuma.

Fundi akakaa juu ya ndoo, hoi. Alipokuwa anang'oa sakafu ili abadilishe boriti zilizooza, aliandika namba kwa chaki nyuma ya kila ubao, ili urudi mahali pake palepale. Mbao kuukuu zimeshazoeana. Ukizichanganya zinabenuka, hazikai tena. Namba zote zilikuwa zimekwenda na povu. Akavaa kofia, akapanda pikipiki, akaondoka bila kuaga.

Binti akabaki ameduwaa. Kaka yake alitaka nyumba iuzwe, akakubali kwa shingo upande kusubiri mpaka Jumapili aje aione. Na jamani, ilikuwa imependeza! Madirisha waliyapata kwenye shule iliyovunjwa, njia ya bustani waliitandika vigae vilivyovunjika, na lile bafu la chuma lenye kutu sasa lilikuwa limejaa mboga. Katika kunyoosha misumari ya zamani pamoja ndipo walipopendana, taratibu, maana mwanaume mwenyewe watu walimwita Polepole, na hakuna aliyemsingizia.

Akamwandikia: "Nisamehe, sikujua." Akaandika tena: "Kama umenichoka niambie tu." Akaiweka simu mfukoni, akaitoa, akaiweka tena.

Jioni simu ikaita. Alikuwa kaka yake.

— Fundi wako kanipigia. Anasema kachanganya mbao mwenyewe, niwape wiki moja zaidi. Nilikwambia huyo ni kanjanja. Jumapili nakuja na mnunuzi.

Kumbe mtu aliyedhani amemkimbia alikuwa huko anajitwika kosa lake!

— Kaka, amekudanganya. Ni mimi niliyefuta namba alizoandika nyuma ya mbao. Yeye hana kosa lolote. Mje tu.

Kesho yake Polepole akarudi, macho chini.

— Nikiwa na hasira naondoka. Mdomo wangu siuamini.

— Siku nyingine uage kwanza. Nusura nife na presha.

— Nitaaga.

Kisha binti akamshika mkono, akampeleka kwenye mbao. Usiku kucha alikuwa anaitembea sebule ile kichwani. Ubao wenye bonde, akasema, ulikuwa chini ya mguu wa cherehani ya mama. Wenye alama ya pasi ulikuwa dirishani, aliuunguza yeye mwenyewe akachapwa. Polepole akautazama ubao, akamtazama mwenye ubao, akacheka kwa mara ya kwanza. Yeye akawa anafuatisha matundu ya misumari, binti akawa anakumbuka, na mbao zikaanza kurudi makwao.

Jumapili kaka akafika, akamwacha mnunuzi getini. Akazunguka sebuleni mikono nyuma, akitafuta kasoro. Alipokaribia mlango wa uani, ubao ukalia chini ya kiatu chake, kwa mlio mrefu wa kulalamika.

Akasimama. Ubao huo ndio uliokuwa ukimchongea kila alipochelewa kurudi, na mama akakohoa chumbani kumjulisha kwamba amemsikia. Akaukanyaga tena. Ukalia tena.

— Mama angekuwa ameshakohoa, alisema.

Akatoka, wakamsikia akimwomba mnunuzi radhi kwa usumbufu. Dada mtu akaegemea ukuta, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana wiki nzima. Kaka aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

— Fundi, huo ubao usije ukaurekebisha.

— Siugusi, kaka.

— Na mimi nitakuita fundi mpaka lini?

Polepole akachomoa penseli sikioni, akairudisha.

— Bado sijamuuliza dada yako.

— Sasa unangoja nini?

Akamgeukia binti, jasho linamtoka kuliko siku ya boriti.

— Utakubali nikuoe?

— Mimi nilishakubali tangu uliponisingizia wema kwa kaka yangu. Ni wewe uliyekuwa hujafika.

Kaka akaangua kicheko, huku anajifuta machozi, akaenda mlangoni na kuukanyaga ule ubao kwa makusudi, wakae kimya wote wausikilize.