Chupa Nyuma ya Friji

Mwanga wa jua linalozama ulikuwa juu ya matuta ya mchanga ya Mablethorpe, pwani ya Uingereza, na Royston Pask alikuwa amepiga magoti ndani ya karavani yake, nyumba ya likizo yenye magurudumu, akimtukana fundi asiyemjua aliyeifunga friji.

"Tazama skrubu hizi! Kipofu angefunga vizuri zaidi."

Mkewe Thelma alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la dirishani. Miaka arobaini ya ndoa na fundi gesi ilimfundisha kunyamaza. Alichotaka ni friji inayofanya kazi. Insulini yake ilikuwa ndani ya ndoo ya barafu, na barafu ilikuwa inayeyuka. Meno yake ya bandia, yote kabisa, yalikuwa ndani ya glasi pembeni.

Karavani walikuwa wameinunua kwa Bi Winifred Codd, ajuza wa karavani ya jirani. Asubuhi alikuja mlangoni.

"Friji badilisha, Bwana Pask. Ila chupa iliyo nyuma yake usiiguse."

Royston alimwitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto.

Sasa aliivuta friji kuukuu ya gesi. Chini ya bomba la kutolea moshi ilisimama chupa iliyozibwa kwa nta. Ndani mlikuwa na misumari iliyopindwa, nywele za mvi na maji ya manjano.

"Mkojo! Na Jumapili utamkuta ajuza huyu kanisani, mbele kabisa!"

Alijua maana yake. Bibi yake mwenyewe alikuwa na chupa kama hiyo kwenye bomba la moshi la jikoni, ili kibaya kisipate njia ya kushuka. Na karavani ina bomba moja tu la moshi, la friji. Lakini Royston alijiona ameelimika. Aliitupa kwenye pipa la nje, akaisikia ikipasuka, akaridhika.

Friji mpya aliifunga vizuri, hilo tumpe haki yake. Aliziba kila upenyo, akapima kwa povu la sabuni kama gesi inavuja, akapanga insulini na siagi ndani, akawasha. Moto ukawa wa buluu.

Halafu...

Fyuuu.

"Upepo," alisema.

Nje hapakuwa na upepo. Harufu ya nguo za kizee zilizokaa kabatini ikajaa karavani nzima.

Akaifungua friji. Siagi ilikuwa imeng'atwa. Alama za meno.

Matatu.

"Thelma, umekula siagi?"

"Kwa meno gani, Roy?"

Fyuuu. Safari hii ilitokea ndani, karibu na kochi.

Royston alikimbia kwa jirani. Bi Winifred hakumkaribisha hata ndani.

"Nani yule?" Royston alinong'ona.

"Marehemu mama mkwe wangu. Hajawahi kukubali twende likizo bila yeye."

"Nifanyeje?"

"Misumari unayo. Nywele za mkeo zipo. Na kile kingine, mwanangu, nacho unacho."

Basi Royston Pask, mcheka mikojo ya wenzake, akachuchumaa nyuma ya karavani, suruali magotini, chupa ya sosi mkononi, huku jirani mwingine akigeuza soseji zake na kumkodolea macho. Mimi simhurumii hata kidogo.

Alipoingia, Thelma alikuwa amelala, uso ukutani. Royston akachomoa nywele kwenye kitana chake, akazitia chupani pamoja na misumari, akaiziba. Akaivuta friji, akaiweka chupa chini ya bomba, akairudisha friji na kuziba kila upenyo. Vizuri, kama kawaida yake.

Kimya.

Akacheka kwa ahueni. Bi Winifred akagonga dirisha.

"Bwana Pask," alinong'ona, "ulihakikisha kwanza ametoka?"

"Ametoka wapi?"

"Chupa humzuia kuingia. Akishaingia, humzuia kutoka."

Nyuma yake kochi lililia. Royston akageuka polepole. Thelma alikuwa ameketi, kipande cha siagi mkononi. Meno yake ya bandia yalikuwa bado ndani ya glasi.

"Sasa, mwanangu," alisema kwa sauti isiyo yake, "kesho tunakwenda wapi?"

Akatabasamu.

Matatu.