Kikombe cha Povu

Ilianza Jumapili, saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwa sauti ya kumeza.

Fundi aliisikia akiwa amepiga magoti sebuleni, mbele ya tangi lake la kioo, mikono imelowa mpaka viwikoni. Fundi ni jina alilopewa na mumewe kwa utani, kwa sababu hakuna kitu kilichoingia nyumbani humo kikabaki kama kilivyotoka dukani. Siku hiyo alikuwa amekifungua chombo kinachowasafishia samaki wake maji ya chumvi. Pampu ndogo hupuliza viputo ndani ya bomba, uchafu hunata kwenye viputo, povu hupanda na kumwagikia kwenye kikombe kilicho juu. Viputo vya pampu ile vilikuwa vikubwa mno. Basi aliyakata mapanga ya kipangaboi kinachozunguka ndani ya pampu hiyo, na mahali pake akafunga kipande cha wavu mgumu, ili hewa ikatikekatike na maji yawe meupe kama maziwa.

Wavu huo aliukata kwenye dodoki la kuogea la mama mkwe wake. Dodoki jipya lilikuwapo kabatini. Alichukua lile linalotumika, makusudi.

"Haya," aliliambia tangi huku akichomeka waya ukutani. "Toa kila kilicho kigeni humu."

Ndipo bomba lilipomeza, kama koo la mtu anayelazimishwa dawa chungu.

"Samaki wenyewe hata hawaliwi," mama mkwe alisema kutoka kwenye kochi. "Mwanangu kaoa mvuvi asiyeleta kitoweo."

"Mama, si ulisema unaondoka mwisho wa mwezi?"

"Mwezi gani? Mimi nilitaja mwezi?" Alicheka, kisha akakohoa. "Usinisukume, bibi. Hii nyumba ya mwanangu. Humu mgeni ni wewe. Hebu niletee maji."

Alikuja kwa wiki mbili, na sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu aje. Alilala katika chumba ambacho Fundi alikuwa amekipimia matangi mengine matatu.

Mama mkwe alikunywa glasi moja kwa mkupuo, akaomba nyingine, kisha akaomba jagi zima.

Kesho yake kikombe kilikuwa kimejaa. Siku zote kilikusanya maji machafu ya rangi ya chai, yanayonuka samaki. Safari hii maji yalikuwa meupe, ya uvuguvugu, yananuka mafuta anayojipaka mama mkwe. Fundi alinusa mara mbili ili awe na hakika. Akayamwaga sinkini, akakiosha kikombe, akakirudisha mahali pake.

Siku zilizofuata midomo ya mama mkwe ilipasuka, kisha visigino, kisha ngozi ya shingo. Alikunywa jagi baada ya jagi lakini chooni hakwenda. Hospitali walimtundikia dripu, wakasema hawaoni ugonjwa, wakamrudisha nyumbani. Kikombe kikafurika.

Alhamisi jioni umeme ulikatika mtaa mzima. Feni ilisimama, friji ikanyamaza, na Fundi, aliyekuwa ameshika waya wa pampu mkononi akijiuliza ni lini aliuchomoa, aliona povu bado linapanda ndani ya bomba, polepole, bila haraka, kama kitu kinachojua njia, na kutoka kwenye povu hilo, kiputo kimoja kikipasuka baada ya kingine, akasikia sauti ya mama mkwe wake, ambaye wakati huohuo alikuwa chumbani akikoroma, ikimuuliza kwa upole:

"Mgeni ni nani?"

Alikimbilia jikoni. Hakumwambia mtu.

Ijumaa mumewe alileta mganga, mzee mfupi mwenye miwani. Aliliangalia tangi, akakiangalia kikombe, kisha akamvuta Fundi kando, jikoni.

"Hilo ni jini la maji," alinong'ona. "Lilikuja na maji ya bahari, na lilikuwa limelala. Nani kalituma kazi?"

Fundi alitazama sakafu.

"Sikulaumu, mwanangu. Ila tangi usilivunje, litasambaa nyumba nzima. Lina dawa moja. Aliyelituma apige magoti pale aseme, 'Humu hakuna mgeni.' Maneno matatu tu, lakini yawe ya kweli."

"Na yasiposemwa?"

"Litafanya kazi mpaka asibaki mgeni."

Fundi alirudi sebuleni. Mama mkwe alikuwa amelazwa kwenye kochi, mwepesi kama ganda la karanga, mwanawe amemshika mkono kwa ncha za vidole kwa kuogopa kuuvunja.

"Sema basi, mke wangu," mume alisihi kwa sauti ndogo. "Chochote alichokwambia mganga, kiseme. Nakuomba."

Fundi alipiga magoti. Alivuta pumzi. Ndani ya maji samaki wote walikuwa wamegeuka, wanamtazama.

"Huyu..." mama mkwe alikwaruza, na kila neno likabandua ngozi ya mdomo. "Mwanangu... huyu mgeni wako... kanifanya nini?"

Fundi alifumba mdomo. Akachezesha midomo bila sauti, kiasi cha maneno matatu, akainuka na kupangusa magoti.

"Nimeshasema," alimwambia mumewe.

Mume alimbusu mikono, akilia kwa shukrani. Usiku kucha pampu iliyochomolewa iliunguruma, na kabla ya mapambazuko ikanyamaza.

Asubuhi iliyofuata, kabla majirani hawajaanza kuingia msibani, Fundi alimwaga kikombe na kukiosha kwa sabuni, akakirudisha mahali pake. Mumewe alikuwa nje akipiga simu, akishindwa kumaliza sentensi. Fundi alichukua futi, akaingia chumba alicholala mama mkwe, akapima ukuta wa dirishani, kisha ule wa mlangoni. Vipimo vilikuwa vilevile.

Akaenda jikoni. Alikunywa glasi moja ya maji kwa mkupuo. Akajaza nyingine, akaimaliza, akalamba midomo.

Kisha akalivuta jagi.