Ujumbe Usiopitia kwa Mama

Fundi Makochi alipoteza usikivu akiwa kijana, lakini ulimi wake haukupungua kitu. Aliongea, alitania, alibishana. Shida ilikuwa namna ya kumjibu. Mteja aliyefika karakana aliokota chaki akaandika juu ya meza ya kukatia vitambaa. Aliyekuwa mbali aliandika kwenye simu ya fundi, simu ya zamani yenye ufa kwenye kioo. Humo zilifika picha za makochi, vipimo, na maneno ya binti yake aliyekuwa akisomea uuguzi nchi nyingine.

Asubuhi moja programu ya ujumbe ikagoma kufunguka. Kioo kiliandika kuwa haifanyi kazi tena kwenye simu ya aina hiyo. Ujumbe mfupi wa kawaida haukubeba picha, na wa kwenda kwa binti ulikuwa ghali na mara nyingi haukufika. Basi mambo yote yakahamia kwenye simu ya mkewe.

Mkewe alikuwa mwema, ila mwema mwenye haraka. Mteja akiandika mistari kumi, yeye humwandikia mumewe mezani: "Anataka bluu." Na kwa miezi mitatu habari za binti zilikuwa zilezile kila siku: "Mzima. Anasalimia." Fundi aliumia. Mtu mzima mwenye mvi, anaongea na mwanawe kwa mdomo wa kuazima!

Shemeji yake akaleta dawa. Alimwekea programu nyingine ya bure, akasema mambo yamekwisha. Fundi akafurahi kupita kiasi. Siku hiyohiyo aliwaandikia wateja wake wote tisini maneno yaleyale: "Nimehamia huku." Mashine za kampuni yenye programu hiyo zikamdhania msumbufu, zikamfungia. Aliomba radhi mara nne na hakuna aliyemjibu. Alikuwa ameruka majivu, akakanyaga moto.

Jirani yao alikuwa mama fundi simu, na mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Alipopita karakana alimkuta fundi amekaa bure, mkasi ameuweka kando.

"Nitafutie programu nzuri kuliko hizi," fundi alimwambia.

Bisibisi akachukua chaki. "Usianze na programu. Uliza kwanza, nani ameshika ufunguo?"

"Niandikie kama unamwandikia mtu wa makochi."

Akafuta kwa kiganja, akaandika tena: "Laini yako ni ya kampuni moja, ya mkeo ni ya nyingine. Mbona ujumbe mfupi wako unamfikia?"

"Si wamekubaliana kupelekeana."

"Makubaliano hayo ndiyo itifaki. Programu ulizotumia hazikubaliani na mtu, ufunguo anao mwenye kampuni peke yake. Ukifungiwa humo, umefungiwa na watu wako wote."

Meza ilijaa maandishi mpaka kwenye kingo. Bisibisi alieleza kuwa zipo itifaki zilizo wazi kwa wote, kama XMPP na Matrix. Unachukua anwani kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea na kupeleka ujumbe. Seva ni nyingi, nawe unachagua inayoendeshwa na watu unaowaamini. Aliye kwenye seva nyingine anakupata vilevile. Programu za kutumia nazo ni nyingi, na nzuri zaidi ni programu huria. Maelekezo yaliyoziunda hayafichwi, na fundi yeyote ana ruhusa ya kuyasoma na kuyarekebisha. Watengenezaji wakiitupa simu yako, mwingine anaweza kuishughulikia.

"Kwa hiyo hii haifi?" fundi aliuliza.

"Inaweza. Seva ikifungwa utahamia nyingine na kuwapa watu anwani mpya. Lakini wao hawatahama."

Mke, aliyekuwa akisoma kutoka mlangoni, akauliza kama wateja tisini watabadili programu kwa ajili ya mtu mmoja. Bisibisi alikiri kuwa wengi hawatabadili. Kisha akaandika taratibu: "Anza na mmoja. Yule usiyeweza kumkosa."

Walijaribu programu mbili. Ya kwanza ilikataa simu ile, ya pili ikakubali. Bisibisi alihakikisha kufuli la ujumbe limewashwa, ili hata mwenye seva asisome yaliyomo. Binti naye alichagua programu aliyoipenda mwenyewe, na seva ya huko anakosoma. Wateja waliomfuata fundi wiki hiyo walikuwa watatu tu.

Siku ya tano simu ikatetemeka mfukoni.

"Baba, uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Sikio langu la kushoto linaziba. Mwezi wa tatu huu. Ningemwambia mama angeanza kulia, na sikuwa na njia ya kukupata wewe. Lako lilianzaje?"

Fundi akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa. Machozi yalimtoka. Akaandika polepole, kwa kidole kinene:

"Lilianza hivyohivyo. Nilikaa kimya miaka miwili kwa aibu, na daktari akasema nimechelewa. Wewe usikae kimya. Nenda kesho asubuhi, ukitoka uniandikie."

Mkewe alipoandika mezani kuuliza binti anasemaje, fundi alimjibu kwa upole: "Ana jambo lake. Atakwambia mwenyewe."

Kesho yake fundi hakukata hata kipande kimoja. Saa saba mchana jibu likafika: "Daktari anasema nimewahi, linatibika. Naanza dawa leo. Sasa nampigia mama."

Fundi akainua macho. Ng'ambo ya ua alimwona mkewe akiweka simu sikioni, kisha akikaa chini taratibu. Akavuka ua, akaketi karibu naye, akamshika mkono mpaka alipomaliza kusikiliza.