Aliyebaki na Viatu

Jua lilikuwa linazama, nami nimebeba gauni la harusi, nimelifunika shuka lisishike vumbi. Kazi yenyewe ya dakika kumi. Bibi harusi alivae, nimbane kiuno kwa pini, nirudi kwangu nikapike. Ningejua, gauni lile ningempa mtu alipeleke.

Lakini kwanza mnielewe. Mimi ni fundi cherehani, na kanisani kwetu nimeongoza kikundi cha maombezi miaka tisa. Miaka tisa ya kufunga na kukesha, mpaka sauti imekuwa ya chura! Halafu mdogo wangu wa tumbo moja, mfua mashuka wa hospitali, akaokoka juzijuzi, akaingia kikundini, na watu wakaanza kumwita yeye. Wamempa jina, Mama Taratibu, kwa kuwa hapazi sauti. Anasema maneno mawili matatu, utadhani anamwomba jirani chumvi, na pepo huyo anatoka. Mimi nitahenya saa nzima, pepo ananitazama tu.

Nilimwonea wivu. Nasema wazi, maana kuficha ndiko kulikoniponza. Akisimama kushuhudia, nilikuwa napiga makofi na moyo unachemka. Nilimuuliza Mungu kabisa: mimi nimekukosea nini?

Na tulikuwa na desturi yetu. Kabla ya kuingia kwa mgonjwa, tunavua viatu mlangoni, tunaulizana mmoja mmoja: "Una neno na mtu?" Mwenye kinyongo haingii. Anakaa nje na viatu, wenzake wakaombe. Mdogo wangu ndiye aliyebaki na viatu mara nyingi kuliko wote. "Leo nimegombana na mume wangu, niacheni hapa," anasema, na anakaa kizingitini bila hata haya. Mimi nilikuwa namcheka. Mimi sikubaki hata siku moja. Nikiulizwa, najibu upesi, "Sina," naingia.

Basi nikabisha hodi. Mama wa bibi harusi, muuza vitambaa wa mtaani kwetu, akafungua, macho mekundu, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni.

"Fundi, gauni la nini tena?" akasema. "Mwanangu leo siku ya tatu hali, hasemi. Hospitali wamempima wee, hawaoni kitu. Watu wanasema ametupiwa jini."

"Ametupiwa na nani?"

"Ningejua ningekuwa hapa?" Akanishika mkono. "Dada yangu, nakuomba. Niitie mdogo wako."

Mdogo wako! Nimesimama mbele yake, kiongozi mzima, na ananituma nikamwite mdogo wangu. Nilisikia kama nimemeza kaa la moto.

"Yuko zamu," nikasema. Uongo mtupu. Nilikuwa nimetoka kuongea naye kwenye simu, yuko nyumbani kwake, mtaa wa pili, anaosha vyombo. "Lakini si mimi nipo?"

Nikampa gauni. Nikavua viatu. Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniuliza chochote.

Chumba kilikuwa cha pili kushoto, baada ya pipa la maji. Nilipofungua mlango, harufu ikanipiga. Harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nikatazama huku na huku. Pasi haikuwepo.

Binti alilala ameuelekea ukuta. Balbu ilikuwa inawaka, lakini pembe ile ya kitanda ilikuwa na kiza chake.

Halafu nikasikia... tk-tk-tk-tk-tk.

Meno yake. Yalikuwa yanagongana haraka, yanatulia, yanaanza tena. Nikasimama nikasikiliza. Cherehani yangu. Ndivyo ninavyoshona mimi, mkupuo mrefu, napumzika, mkupuo mfupi.

Nikakaza moyo. Nikamwambia mama, "Simama mlangoni, leo utaona." Si utaona Mungu. Utaona mimi. Ndivyo nilivyomaanisha, na moyoni nilikuwa tayari nasimulia Jumapili.

"Kwa jina la Yesu!" nikapaza. "Toka! Nakuamuru, toka!"

Meno yakanyamaza.



Binti akageuka polepole. Macho yamefumbwa. Akanong'ona, kwa sauti ya upole ambayo haikuwa yake.

"Una neno na mtu?"

Binti yule hakuwa wa kanisa letu. Swali lile hakuna aliyewahi kumwambia.

"Si... sina."

Akatabasamu. "Unalo. Limenona. Kila akisifiwa, unalilisha."

"Nyamaza! Kwa jina la—"

"Mwenye jina hilo akisema, natoka," ikanong'ona. "Aliye chini yake akisema, natoka. Wewe uko chini ya nani, fundi? Umekuja kutokwa jasho ili uonekane. Jina si lako."

Nikainua mkono nimwekee kichwani, haukupanda.

Hapo binti akafungua kinywa kama anayetaka kupiga chafya, na pumzi haikuingia. Kifua kikakaza. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Vidole vikawa vinakwangua shuka, kwa-kwa-kwa.

"Fundi!" Mama akanirukia. "Mwanangu havuti pumzi! Fanya kitu!"

Simu ilikuwa mfukoni. Na sikilizeni nilivyo, msinionee huruma: hata pale, mtoto wa watu anakufa mbele yangu, nilisita. Nilijiona Jumapili nikisimuliwa mimi, jinsi nilivyoshindwa, jinsi Mama Taratibu alivyoitwa. Nilisita kiasi cha kuhesabu mpaka kumi. Ndipo nikapiga.

"Njoo kwa muuza vitambaa," nikasema. "Haraka. Binti anatuacha."

Mdogo wangu hakuuliza kwa nini nimekwenda bila kikundi. Alisema tu, "Nakuja. Dada, toka humo chumbani. Kaa na viatu."

Nikatoka. Nikakaa kizingitini kama mtoto aliyefukuzwa mezani. Mama alikuwa ndani anamwita mwanawe, anampepea, na katikati nasikia pumzi nyembamba ikivutwa, halafu haivutwi tena.

Mdogo wangu akafika anakimbia, mikono ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Akatupa ndala zake karibu yangu. Akasimama akafumba macho, akajiuliza mwenyewe, nikasikia. "Una neno na mtu?" Akafikiri. Akaniinamia.

"Dada, wiki iliyopita ulinisema kwa wenzetu, nikaumia. Nimekusamehe."

Akaingia.

Sikuona. Nilisikia tu, kupitia ukuta, ile sauti yake ya kuomba chumvi. "Bwana Yesu, nyumba hii ni yako na mimi ni wako." Kisha, bila kupandisha, "Mwache mtoto. Bwana amesema."

Kitu kikalia. Si binti. Kililia kama mbwa aliyekanyagwa.

Na mimi, Mungu wangu, nisikieni... nilitamani ashindwe. Kwa kitambo kile kifupi, mtoto anakata roho, nilitamani mdogo wangu ashindwe ili tuwe sawa.

Mlango wa chumba ukafunguka wenyewe. Baridi ikapita koridoni na kufika kizingitini. Viatu vyote vikatulia, isipokuwa changu cha kushoto, kikasogea kidogo. Kisha ndani binti akalia, akasema, "Mama, maji." Mama yake akapiga ukelele wa furaha uliofika barabarani.

Mdogo wangu alitoka amechoka, akavaa ndala, akaniambia, "Amepona, tumshukuru Bwana. Uko salama?"

"Salama," nikajibu upesi.

Ijumaa binti mwenyewe alikuja na gauni kibandani kwangu kulijaribu. Amenawiri, anacheka, anakula karanga juu ya hariri yangu mpaka nikamgombeza. Nikapiga magoti kubana pindo. Akasema:

"Mama fundi, nikuulize. Siku ile nilipozinduka niliwaona mnaondoka, dirishani. Mdogo wako alikuwa anatembea peke yake mbele."

"Ndiyo," nikasema, pini mdomoni. "Mimi nilikuwa nyuma yake."

"Nilikuona. Nilitaka kujua tu, yule mliyekuwa mmeshikana mikono ni nani?"

Nikazitoa pini moja moja. Nikamwambia alikuwa na homa, aliona vibaya. Akakubali, akaenda zake, na kesho yake akaolewa.

Nani alimtupia binti yule, mpaka leo hatujui. Mimi silali vizuri. Mkono wangu wa kulia una baridi ambayo moto wa pasi hauiondoi. Najua dawa yake. Ni kumpigia mdogo wangu, nimwambie yote, nipige magoti mbele yake aniombee, naye ataniombea bila kunisimanga.

Namba yake nimeifungua hapa tangu asubuhi. Jana wamemchagua kuongoza kikundi.

Bado sijampigia.